Chakula Kisihukumiwe kwa Jina: Funzo la Historia ya Piza

Katika mabango ya elimu ya lishe, katika vipindi vya redio na katika ushauri unaotolewa kliniki, piza imepewa kiti cha kudumu katika safu ya washitakiwa. Huketi pamoja na soda, baga na soseji chini ya anwani moja, "vyakula vya kisasa", na ujumbe unaofuata huwa mfupi: viepukwe. Nia ya ujumbe huo ni njema. Shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo si tena magonjwa ya nchi za mbali. Yamo katika wodi na nyumba za Afrika Mashariki, na hakuna mtaalamu wa afya anayeweza kuyanyamazia. Hata hivyo, nia njema haitoshi kuufanya ushauri uwe sahihi. Chakula kinapohukumiwa kwa jina lake hupotea mambo mawili: ukweli wa kilichomo ndani yake, na nafasi ya mlaji kujifunza kupima mwenyewe.

Historia ya piza ni ushahidi mzuri wa hoja hii. Katika muda usiozidi karne mbili chakula hicho kimewahi kudharauliwa kama uchafu, kusifiwa kama sehemu ya mlo wa afya, kuhesabiwa kama mboga na kulaaniwa kama sumu. Kila mara waliotoa hukumu walilitazama jina. Majibu ya kweli yalipatikana kwingine: katika maji, katika chumvi, katika ukubwa wa pande linaloliwa, na katika maisha ya mlaji.

Mkate wa maskini wa Napoli

Mikate bapa iliyopakwa mafuta au kuwekewa kitoweo juu ilikuwapo tangu kale katika nchi nyingi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Neno "piza" lenyewe linaonekana katika hati ya Kilatini ya mwaka 997 kutoka Gaeta, mji wa pwani ulioko kati ya Roma na Napoli. Katika hati hiyo mpangaji alitakiwa kumpelekea askofu piza 12 siku ya Krismasi na nyingine 12 siku ya Pasaka. Piza hizo hazikuwa na nyanya, kwa kuwa zao hilo la bara la Amerika halikuwa limefika Ulaya. Lilivuka bahari katika karne ya 16, baada ya safari za Wahispania, na mwaka 1544 tabibu wa Kiitalia, Pietro Andrea Mattioli, alilieleza katika maandishi yake kama aina nyingine ya bilinganya.

Kwa muda mrefu Wazungu wengi waliiogopa nyanya kwa sababu ya ukoo wake. Ni kweli kwamba imo katika ukoo mmoja na mimea kadhaa yenye sumu kali; lakini imo pia katika ukoo mmoja na bilinganya, kiazi mviringo na mnavu. Waliokiogopa chakula kwa sababu ya jamaa zake walijinyima tunda lenye manufaa kwa vizazi kadhaa. Kufikia muongo wa 1690 mpishi Antonio Latini alikuwa amekwisha kuchapisha huko Napoli maelezo ya mchuzi wa nyanya, na katika karne mbili zilizofuata nyanya ikawa rafiki wa kudumu wa mkate bapa wa mji huo.

Napoli ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Ulaya, na umaskini wake ulikuwa mkubwa vilevile. Familia nyingi ziliishi katika chumba kimoja kisicho na jiko. Wapagazi, wavuvi na vibarua walihitaji chakula cha moto, cha bei ndogo, kinacholika kwa mkono huku mtu akielekea kazini. Piza ilijibu haja hiyo. Ilikuwa unga wa ngano, hamira, maji na chumvi, juu yake mafuta kidogo, kitunguu saumu au nyanya, na mara nyingine samaki wadogo au jibini kidogo. Muuzaji alikata kipande kulingana na sarafu aliyokuwa nayo mnunuzi.

Wageni hawakuipenda. Mmarekani Samuel Morse, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kazi yake ya telegrafu, alipita Italia mwaka 1831 akaieleza piza kama kitu cha kutia kichefuchefu. Mwaka 1886 Carlo Collodi, mtunzi wa kisa cha Pinocchio, aliifananisha sura yake na uchafu uliochanganywa. Mwandishi Matilde Serao, aliyeandika juu ya maisha ya watu wa Napoli mwaka 1884, alisimulia habari za mfanyabiashara aliyejaribu kuipeleka piza Roma. Mwanzoni wahamiaji wa Napoli waliifurahia, kisha biashara ikafifia. Chakula ambacho leo kinauzwa katika kila bara kilishindwa wakati huo kuvuka umbali wa kilomita 200 na ushei.

Kipindupindu na maji

Mwaka huohuo wa 1884 Napoli ilipigwa na kipindupindu. Katika wiki chache za Agosti na Septemba watu takribani 7,000 walifariki, wengi wao katika mitaa ya chini iliyosongamana karibu na bandari. Katika hali kama hiyo ni rahisi kukinyooshea kidole kinachoonekana, na kilichoonekana mitaani ni muuzaji wa chakula na sinia lake. Vyakula vya maskini, piza ikiwemo, vilitazamwa kwa shaka.

Sayansi ilikuwa tayari na jibu jingine. Filippo Pacini alikwisha kukiona kijidudu cha kipindupindu kwa hadubini huko Florence mwaka 1854, ingawa hakusikilizwa. Robert Koch, kwa kazi aliyoifanya Misri na India mwaka 1883 na 1884, alithibitisha kwamba ugonjwa huo unatokana na bakteria. Bakteria hao husafiri katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Piza iliyotoka motoni muda huohuo, katika tanuri ambalo joto lake huweza kuzidi nyuzi 400, haikuwa mahali pazuri kwa bakteria hao kuishi. Hatari ilikuwa katika visima na mifereji ya zamani iliyopitisha maji karibu na vyoo, na katika mikono isiyopata maji safi ya kunawa.

Mwaka 1885 mji ulifungua mfereji mpya ulioleta maji safi ya chemchemi kutoka Serino, milimani. Mwaka huo pia bunge la Italia lilipitisha sheria ya kuijenga upya mitaa mibovu ya Napoli. Kazi haikukamilika kwa siku moja, na kipindupindu kiliurudia mji huo mwaka 1910 na 1911. Lakini njia iliyochaguliwa ilikuwa sahihi. Afya ya Napoli ilisogezwa mbele na bomba na mfereji wa maji taka, si na amri ya kuwakataza watu chakula chao.

Miaka mitano baada ya janga hilo, mwaka 1889, ndipo inapowekwa hadithi maarufu ya Malkia Margherita, aliyeandaliwa piza ya nyanya, jibini la mozarela na majani ya mrehani na mpishi Raffaele Esposito. Wanahistoria wameitilia shaka barua inayotumiwa kuithibitisha hadithi hiyo. Hata hivyo, kupendwa kwake kunaonyesha jambo moja: chakula cha mtaani kilichokuwa kikidharauliwa kilihitaji mdomo wa malkia ili kiheshimiwe. Kilichokuwa ndani yake hakikubadilika sana. Sifa ya jina ndiyo iliyobadilika.

Funzo hili halijapitwa na wakati. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, na kila kinapozuka katika miji ya ukanda huu, mama lishe na wauza matunda huwa miongoni mwa wa kwanza kutiliwa shaka. Usafi wa chakula ni jambo la lazima, na hakuna anayepaswa kuulegezea masharti. Lakini mji unaomfukuza mama lishe bila kumpatia maji ya bomba na choo unafanya kazi nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyo rahisi.

Daktari aliyepima damu ya wazima moto

Karne ya 20 ilileta hukumu ya kinyume. Mwaka 1951 mtaalamu wa fiziolojia wa Kimarekani, Ancel Keys, alihudhuria mkutano huko Roma ambapo profesa Gino Bergami wa Napoli alimweleza kwamba maradhi ya moyo yalikuwa nadra miongoni mwa wafanyakazi wa mji wake. Keys hakuamini kwa urahisi. Mwaka uliofuata yeye na mkewe Margaret, ambaye naye alikuwa mwanasayansi, walikwenda Napoli wakapima lehemu katika damu ya wazima moto na wafanyakazi wengine. Waliikuta iko chini kuliko ya Wamarekani. Walipowapima watu matajiri wa mji huohuo, waliokula nyama kwa wingi, waliikuta iko juu zaidi. Uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa mbegu za Utafiti wa Nchi Saba ulioanza mwaka 1958, na za sifa ya mlo wa Mediterania inayosikika hadi leo.

Kazi ya Keys imekosolewa, hasa kuhusu jinsi nchi zilivyochaguliwa, na ukosoaji huo una nafasi yake. Lakini jambo moja katika simulizi hii linastahili kushikwa. Wazima moto hao waliishi katika mji wa piza na walikula unga wa ngano kila siku. Walikula pia mboga, maharage na matunda. Nyama ilikuwa ya nadra, na mwili ulifanya kazi mchana kutwa. Piza haikuwalinda kwa uwezo wake wenyewe, na wala haikuwaua. Ilikuwa sehemu ndogo ya maisha yao.

Kosa la kuisifu piza kupita kiasi lilionekana nusu karne baadaye. Mwaka 2003 Silvano Gallus na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Italia, uliolinganisha wagonjwa wa saratani na watu wasio na saratani. Waliokula piza mara kwa mara walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya saratani za kinywa, umio na utumbo mpana. Magazeti yalifurahi. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba huenda piza ilikuwa ishara tu ya mtindo wa jumla wa ulaji wa Kiitalia. Mwaka 2019 Gallus alipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa kazi zinazowachekesha watu kwanza na kuwafikirisha baadaye.

Safari ya ng'ambo

Wakati Keys akipima damu Napoli, piza ilikuwa imekwisha kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa nusu karne. Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitalia zaidi ya milioni 4 walihamia Marekani, wengi wao kutoka kusini. Walibeba umaskini wao na tanuri zao. Duka la Gennaro Lombardi la mjini New York, linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kuuza piza nchini humo, huhesabiwa tangu mwaka 1905. Katika nchi yenye maziwa na nyama kwa wingi, piza ilinenepa. Jibini lililokuwa matone machache likawa blanketi. Soseji zilizokaushwa kwa chumvi zikapanda juu yake. Mwaka 1943 mji wa Chicago ulianza kupika piza ya kina kirefu, iliyojaa kama sufuria.

Hatua kubwa zaidi haikuwa ya mapishi bali ya biashara. Mwaka 1958 ndugu wawili, Dan na Frank Carney, walifungua Pizza Hut huko Wichita, Kansas, kwa dola 600 walizokopa kwa mama yao. Mwaka 1960 ndugu wengine wawili, Tom na James Monaghan, walinunua duka la Michigan ambalo baadaye liliitwa Domino's na kujijengea jina kwa kupeleka piza hadi mlangoni. Simu, pikipiki, sanduku la karatasi ngumu na friji ya kugandisha viliiondoa piza mikononi mwa mpishi wa mtaani na kuitia mikononi mwa kiwanda. Kiwanda kinahitaji chakula kinachofanana kila mahali, kinachokaa muda mrefu na kinachomfanya mlaji arudi. Chumvi, mafuta na sukari hutimiza mahitaji hayo kwa gharama ndogo.

Umaarufu wake duniani una sababu nyingine iliyo nzuri. Piza ni sinia tupu linalopokea kila kitu. Kanada iliipa nanasi mwaka 1962, kwa mkono wa Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki, aliyeiita ya Hawaii. Japani waliiwekea viumbe vya baharini, India waliiwekea paniri na viungo. Vyakula vichache vimeruhusu kila taifa kuweka chake juu bila kubadili jina.

Urahisi huo wa jina ndio ulioleta kichekesho cha mwaka 2011. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipotaka kuboresha chakula cha shuleni, Bunge la nchi hiyo liliizuia kubadili namna ya kuhesabu nyanya iliyosagwa na kukolezwa. Vijiko viwili vikubwa vya nyanya hiyo viliendelea kuhesabiwa kama nusu kikombe cha mboga. Kwa vitendo, kipande cha piza kiliweza kuhesabiwa kwamba kimempa mtoto mboga yake. Makampuni ya vyakula vilivyogandishwa yalikuwa yamelipigania jambo hilo. Hapo jina "nyanya" lilitumika kama ngao, kama vile jina "piza" linavyotumika kwingine kama shitaka.

Mizani ya chumvi

Iwapo jina halitoshi, ni nini kipimwe? Mfano wa chumvi unatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na shirika hilo linakadiria kwamba vifo vipatavyo milioni 1.89 kila mwaka vinahusiana na ulaji wa sodiamu uliozidi.

Sasa itazamwe piza ambayo kila mtu huiita halisi. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni iliyosajili jina la piza ya Napoli, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapishi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kanuni hiyo inaeleza unga uliokandwa kwa lita 1 ya maji, takribani kilo 1.8 za unga wa ngano, gramu 3 za hamira na gramu 50 hadi 55 za chumvi, kisha kukatwa matonge ya gramu 180 hadi 250. Hesabu ya shule ya msingi inaonyesha kwamba kila tonge hubeba kati ya gramu 3 na 5 hivi za chumvi, kabla ya jibini wala kitoweo kingine. Mtu mmoja akiimaliza piza hiyo peke yake, kama ilivyo desturi ya Napoli, amekaribia kiwango chake cha siku nzima kwa mkate tu. Uhalisi haukumkinga. Urithi wa dunia nao huongeza shinikizo la damu ukiliwa kila siku.

Upande wa pili wa mizani una mambo ya kuitetea. Laikopini, kemikali inayoipa nyanya wekundu wake, hufyonzwa vyema zaidi mwilini nyanya inapopikwa pamoja na mafuta. Jibini lina protini na madini ya kalisi. Piza nyembamba ya mboga, iliyogawanywa kwa watu wawili na kuliwa na kachumbari na maji ya kunywa, ni mlo wa kawaida usio na la kutisha. Piza nene yenye soseji na nyama zilizosindikwa, iliyoagizwa kwa sababu ya pili yake ni bure na kusukumwa kwa lita ya soda, ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, likieleza kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Milo hii miwili ina jina moja. Bango linaloandika "epuka piza" haliwezi kuitofautisha.

Napoli yenyewe imethibitisha hilo kwa njia ya kusikitisha. Mkoa wa Campania, ambao Napoli ni mji wake mkuu, umekuwa ukitajwa katika takwimu za Italia miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi zaidi wenye uzito uliozidi. Huo ndio mji ambao Keys alistaajabia damu ya wazima moto wake. Piza ilikuwapo wakati ule na ipo sasa. Yaliyobadilika ni kazi za mwili, michezo ya watoto, vinywaji, vitafunio vya viwandani na ukubwa wa sahani.

Piza ya Forodhani na papa wa ng'onda

Afrika Mashariki ina mfano wake wa jina lisilotabirika. Malindi, mji wenye wakazi na wageni wengi wa Kiitalia, umezoea piza ya tanuri kwa miaka mingi. Lakini mtu akiketi Forodhani, Unguja, na kuagiza "piza ya Zanzibar", ataletewa chapati nyembamba iliyokunjwa, ndani yake nyama ya kusaga, kitunguu na yai, iliyokaangwa kwa mafuta juu ya bamba. Chakula hicho ni jamaa wa karibu wa mkate wa mayai wa Mombasa kuliko wa mkate wa Napoli. Wengine huletewa chenye ndizi na chokoleti. Kikubwa kinachowaunganisha ni jina.

Mfano huo unauliza swali gumu kwa watoa elimu ya lishe. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeambiwa aache piza hurudi nyumbani akila papa wa ng'onda, ambaye ni wa asili na amejaa chumvi. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa aepuke vyakula vya kisasa hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu, akiamini ametii. Kijana aliyeonywa dhidi ya piza, ambayo bei yake humwezesha kuila mara mbili kwa mwaka, hula chipsi mayai kila jioni katika mafuta yaliyotumika tangu juzi. Hakuna kati yao aliyekaidi ushauri. Ushauri wenyewe ulimpa jina badala ya kipimo.

Ipo hoja ya upinzani inayostahili kusikilizwa. Mhudumu wa afya ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Mwananchi hana mizani ya kupima sodiamu. Ujumbe mfupi hukumbukwa na ujumbe mrefu husahauliwa. Yote hayo ni kweli. Lakini ujumbe mfupi si lazima uwe wa jina. "Punguza chumvi, gawanya pande, ongeza mboga, kunywa maji" ni maneno manane tu, na yanafanya kazi mbele ya piza, mbele ya pilau ya harusi na mbele ya chipsi. Yanamheshimu msikilizaji kama mtu anayeweza kufikiri, na hayamfanyi ajione salama kwa sababu tu chakula chake kina jina la Kiswahili.

Hata hivyo, mzigo wote usitwikwe mlaji. Tangu mwaka 2016 Afrika Kusini imeweka kwa sheria viwango vya juu vya chumvi katika mkate, nyama zilizosindikwa na vyakula vingine vya viwandani. Mwaka huohuo Chile ilianza kuvitaka viwanda vibandike alama nyeusi mbele ya pakiti za vyakula vilivyozidi sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati. Hatua hizo hazikutaja piza, keki wala soseji kuwa adui. Zilitaja kiasi. Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kufanya vivyo hivyo, zikianzia kwenye mkate wa dukani unaoliwa na matajiri na maskini, na kuzitaka hoteli kubwa na maduka ya vyakula vya haraka yaandike kiasi cha chumvi karibu na bei. Mnunuzi anayejua bei ya chakula ana haki pia ya kujua kinachoingia mwilini mwake.

Vyuo vya afya navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi wa uuguzi au wa udaktari anayefundishwa kuuliza "unakula nini?" afundishwe kuendelea: kiasi gani, mara ngapi, kimepikwaje, pamoja na nini, na maji ya nyumbani yanatoka wapi. Maswali hayo huongeza dakika mbili tatu katika chumba cha daktari. Ndiyo yaliyokosekana Napoli mwaka 1884, sinia la muuzaji lilipotiliwa shaka huku kisima kikiendelea kuchotwa, na ndiyo yanayokosekana leo mgonjwa anapotoka kliniki na orodha ya majina ya kuogopa. Orodha hizo zikiandikwa upya, safu ya kwanza iwe ya chumvi, sukari, mafuta na ukubwa wa pande. Piza itapata mahali pake humo kulingana na ilivyopikwa, pamoja na maandazi, ng'onda na chipsi.